Kodi ya Miezi Sita

Mwenye nyumba wetu wa Magomeni alituarifu kwamba mwanawe anaoa, hivyo tuhame ndani ya siku 30. Tukaanza kuzunguka Dar es Salaam, mke na mume, na mdogo wetu mgongoni. Madalali walitupeleka Sinza, Tabata na Kimara. Kila nyumba tuliyoipenda ilidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali.

Fedha hizo hatukuwa nazo. Dalali mmoja akatushauri tuchukue mkopo, ule ambao mitaani huitwa kausha damu. Siku zilikuwa zimebaki tisa. Usiku ule tulikesha, na neno "dharura" lilitujia midomoni kwa wepesi uliotutia hofu. Kulipopambazuka tuliona haya: vipi tuingie nyumba mpya tukiitanguliza riba mlangoni?

Baada ya swala ya Isha, muumini mmoja alituelekeza kwa bibi mjane wa Mbagala. Vyumba viwili, choo cha nje, maji ya kisima. Tulimweleza hali yetu bila kuficha. Akaridhia miezi mitatu, tukaandikiana mkataba mbele ya mashahidi.

Sasa mmoja wetu huondoka alfajiri kuwahi kazini, na watoto wamehama madrasa waliyoizoea. Hatujuti. Ila tunawauliza ndugu zetu wenye nyumba, tunaopanga nao safu moja: je, kupokea kodi ya miezi michache hakuwezi kumwokoa mpangaji na riba?