Kazi Inayoning'inia kwa Mtu Mmoja

Leo naweka programu kando kidogo.

Kuna kiongozi mmoja huku Kilifi amenitaka niwe mkuu wa wafanyakazi katika afisi yake. Mshahara ni mzuri. Swali langu ni moja tu: baadaye je?

Sisi waandishi wa programu tunaijua hatari ya mfumo mzima kutegemea kijiprogramu cha mtu mmoja. Siku akichoka kukitunza, vyote vinakwama. Kazi hii ndivyo ilivyo: bosi akiondoka, nawe unafunga virago. Katiba ya 2010 inampa gavana mihula miwili pekee. Amason Kingi aliingia 2013, akamaliza 2022, akawa Spika wa Seneti. Yeye alipata pa kwenda, lakini kiti cha Spika hakikaliwi na afisi nzima.

Mtazame pia Nzioka Waita. Alitoka Safaricom, akawa mkuu wa wafanyakazi Ikulu chini ya Uhuru Kenyatta, akajiuzulu 2021 na kuwania ugavana wa Machakos. Mwaka 2022 ushindi ukaenda kwa Wavinya Ndeti. Kukaa karibu na mamlaka si kuwa na kura.

Tena kazi yenyewe haiachi alama. Barua unaandika wewe, sahihi ni ya mwingine.

Kwa hivyo nimempelekea masharti matatu: mkataba wenye tarehe ya mwisho, mradi mmoja ninaousimamia kwa jina langu, na Jumamosi zangu za kuandika programu zisiguswe. Akikataa, nabaki Malindi na kompyuta yangu.

Nangoja jibu. Wewe ungeongeza sharti gani?