Usiku wa Nkwenda

Jua lilikuwa linazama tulipoingia Nkwenda, mimi na mjomba, tope jekundu la njia ya Isingiro limetukaukia hadi magotini. Ilikuwa Novemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mvua zilikuwa zimekwamisha magari, na bibi alikuwa amelazwa hospitali ya Nyakahanga, ambako mgonjwa hupikiwa na ndugu zake. Basi tukatembea. Baiskeli ilibeba mkungu wa ndizi, sufuria na blanketi. Tuliisukuma kwenye vilima, tukaishikilia kwa nguvu kwenye miteremko.

Kabla ya kutafuta pa kulala, tulipita dukani. Ndani mlinukia mafuta ya taa, chumvi na magunia ya kahawa. Mjomba alitaja mahitaji ya bibi polepole, asije akasahau: chumvi, sukari, kiberiti, sabuni. Mwenye duka alichukua mche wa sabuni, akauzungushia uzi, akavuta ncha mbili mpaka kipande kikadondoka, laini kama kilichopigwa randa. Sukari aliipima kwa kikombe, akaifunga kwenye pembe ya gazeti. Nilikabidhiwa mimi niibebe, nikajiona mtu mzima.

Tulilala kwa mama mmoja aliyejulikana na wasafiri wote wa upande wetu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya migomba, na sakafuni palitandazwa nyasi mbichi zenye harufu ya mvua. “Poleni na safari, wanangu. Tueni mizigo,” alisema, kisha akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu. Mjomba alizichukua punje kwa mikono miwili. Nami nilitafuna yangu taratibu, uchungu wake ukinikausha ulimi.

Kitoke na maharage vilikuwa vinaiva chini ya majani ya mgomba. Nje, senene walikuwa wameanza kushuka kwenye mwanga wa kandili. Tuliwakimbilia na watoto wa nyumba ile, tukiwatia kwenye kibuyu, vicheko vikisikika mpaka barabarani. Mama aliwanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo na kitunguu. “Hawa mtakula njiani,” alisema. “Hawaharibiki upesi.” Wazee waliokuwa wakinywa rubisi pembeni walimweleza mjomba daraja lipi limezolewa na maji na wapi pa kupita. Wenyeji wa Karagwe wamepokea wapitanjia tangu zamani: mwaka 1861 wapelelezi Waingereza Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, na Kafuro, hukohuko Karagwe, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu.

Alfajiri mjomba alitoa pesa. Mama aliufunga mkono wake uliozishika. “Watu wetu nao hupita kwenu,” alisema.

Na kweli walipita. Kwa miaka mingi, watu wa Nkwenda waliokuwa wakielekea Murongo walilala kwetu, na mama yangu hakuwahi kuuliza ni nani. Aliinjika sufuria kubwa tu. Mwaka 2012 eneo letu la Kyerwa lilitengwa na Karagwe, likawa wilaya inayojitegemea, na siku hizi pikipiki huimaliza njia ile bila kulala popote. Nafurahi kwamba mgonjwa hufika mapema. Lakini urafiki wa nyumba zetu mbili ulijengwa na uchovu wa miguu, nami nawasimulia wanangu ili wajue deni lile halikuisha na safari.