Chaneli ya 36 na Matundu Mengine

Aliyenunua kompyuta ya nyumbani mwaka 1982 alinunua nusu ya mashine. Nusu ya pili, yaani skrini, ilikuwa tayari sebuleni: televisheni ambayo nyumba nzima iliigombania kila jioni. Televisheni nyingi za Uingereza za wakati ule zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingizia picha, nao ni tundu la antena. Kwa hiyo ZX Spectrum, iliyotoka mwaka huohuo, ilibidi ijifanye kituo cha televisheni. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha bati kiitwacho moduleta. Kilichukua picha iliyokwisha kutengenezwa, kikaipandisha kwenye mawimbi ya chaneli ya 36, kikaituma kwa waya mfupi hadi kwenye televisheni, ambayo nayo ilianza upya kazi ya kuishusha.

Safari hiyo haikuwa ya bure. Rangi zilivuja kwenye kingo za herufi, mistari ilicheza, na maandishi mekundu juu ya buluu yaliumiza macho.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliikuta Spectrum ya mtumba nyumbani kwa shangazi yake mjini Leicester, alikokwenda kusoma. Televisheni ya shangazi ilikuwa ya kutafuta chaneli kwa kuzungusha kigurudumu kidogo kwa ukucha, taratibu, mpaka chenga zitulie na mstari wa maandishi ya Sinclair, kampuni iliyoitengeneza Spectrum, utokeze chini ya skrini. Kabla ya hapo lazima plagi ya antena ing'olewe, maana tundu ni lilelile moja.

“Wewe, rudisha waya wa watu, taarifa ya habari inaanza.”

“Dakika mbili tu, shangazi, mchezo unaingia.”

“Huo mchezo unaingia tangu magharibi.”

Na shangazi alikuwa na haki yake. Mchezo uliingia kwa sauti, kutoka kwenye kaseti ya kawaida, kupitia matundu mawili ya milimita 3.5 yaliyoandikwa EAR na MIC. La kwanza lilipokea kutoka tundu la spika ya sikio la redio kaseti. La pili lilipeleka kazi ya mtumiaji kwenda kurekodiwa. Mchezo uliojaza kilobaiti 48 ulichukua kama dakika tano za makelele, huku pembeni mwa skrini mistari minene ya nyekundu na samawati ikipita, kisha myembamba ya buluu na njano data yenyewe ilipoanza kusomwa. Sauti ya redio ikizidi au ikipungua kidogo, kazi yote iliharibika dakika ya nne. Wakati wa kurekodi, kitabu cha maelekezo kilishauri waya mmoja uchomolewe, kwa sababu kwenye redio fulani sauti ilizunguka na kurudi ilikotoka. Sauti ya michezo yenyewe haikwenda kwenye televisheni kabisa. Ilitoka kwenye kispika kidogo kilichofichwa chini ya kibodi, na waliotaka kelele zaidi waliunganisha kikuza sauti kwenye tundu la MIC.

Marekani tatizo lilikuwa lilelile, ila na sheria juu yake. Apple II ya mwaka 1977 iliuzwa bila moduleta, kwa kuwa tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ilikuwa kali kuhusu vifaa vinavyovuruga matangazo ya majirani. Kompyuta ilibaki na tundu la RCA la picha tupu, na mnunuzi alinunua moduleta kando kwa mtu mwingine. Mwaka huohuo TRS-80 ilikwepa televisheni kwa kuja na monita yake, ambayo kwa kweli ilikuwa televisheni iliyonyofolewa kitafuta chaneli. Nyuma ya kibodi waliweka matundu matatu ya DIN ya pini tano, yote sawasawa: moja la umeme, moja la picha, moja la kaseti. Ukichomeka umeme kwenye tundu la picha, umekwisha. Ni vigumu kuelewa mhandisi aliyelichora hilo alikuwa anafikiri nini.

Commodore 64 ndiyo iliyoonyesha mapema kwamba kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwa na moduleta, ambayo ilibeba picha na sauti pamoja, hivyo muziki wa chipu yake maarufu ya SID ulisikika kwenye spika kubwa ya televisheni. Lakini pembeni palikuwa na tundu la DIN, na matoleo yaliyofuata yale ya mwanzo kabisa yalilipa pini nane. Humo mwangaza wa picha ulipita kwenye pini yake na rangi kwenye pini yake, bila kuchanganywa. Monita ya Commodore 1702 ilikuwa na matundu ya kupokea hivyo, na maandishi yalitulia kweli. Ulimwengu wa video ulilipa wazo hilo jina la S-Video mwaka 1987, wakati watoto wa Commodore walikuwa wamekwisha kulitumia miaka kadhaa.

Wafaransa walilimaliza jambo kwa amri. Tangu mwaka 1980 televisheni za rangi zilizouzwa huko zililazimika kuwa na SCART, soketi pana ya pini 21 inayopokea nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, pamoja na sauti. Ni soketi mbaya kwa sura, inalegea yenyewe, na picha yake ni safi mno. Amstrad CPC 464 ya mwaka 1984 iliiacha sebule kabisa: iliuzwa na monita yake, na monita hiyo ndiyo iliyoipa kompyuta umeme, kwa hiyo plagi ya ukutani ilikuwa moja tu. Shangazi wa dunia wakapata televisheni zao.

Kwenye Tanzania Bara hadithi hii ilirukwa kwa sehemu kubwa. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na televisheni Bara ilianza mwaka 1994 tu, ingawa Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu 1973. Wengi walikutana na kompyuta ikiwa tayari na VGA, soketi ya pini 15 ambayo IBM iliitoa mwaka 1987, na sauti ikiwa kwenye kadi yake pembeni na jeki ya milimita 3.5. Picha na sauti zilikuwa zimeachana. HDMI ilizirudisha kwenye waya mmoja miaka ya 2000.

Waliobaki na mashine za zamani sasa wanahangaika na upande wa pili wa waya. Kwenye Spectrum, fundi hufungua kile kisanduku cha bati, akainua mguu wa kizuizi kimoja, akapeleka picha tupu moja kwa moja kwenye tundu lilelile la RCA lililokuwa likipeleka mawimbi kwenye televisheni; ni kazi ya robo saa na kijiti cha risasi. Wenye Amiga 500, kompyuta ya baadaye ya Commodore, wana kazi zaidi. Sauti si tabu, inatoka kwenye RCA mbili, nyekundu na nyeupe, lakini rangi zake hutoka kwenye soketi ya pini 23, ukubwa ambao karibu hakuna kiwanda kilichoendelea kuutengeneza. Wanachofanya ni kununua plagi ya kawaida ya pini 25, kuibana kwenye jiriwa, na kukata kwa msumeno wa chuma upande wenye pini ya 13 na ya 25. Plastiki ikipasuka, wanachukua nyingine. Plagi hizo ni rahisi.