Ufuo Upi kwa Wageni wa Bara?

Shule zikifungwa, jamaa zetu wa Kitengela na Kajiado huteremka kwa treni ya Madaraka isimamayo Athi River, nasi wenyeji wa Mombasa huulizwa: watoto waoge ufuo upi?

Mama Ngina ni pa kupunga upepo tu. Chini yake hupita meli ziingiazo Kilindini. Pirates, kule Bamburi, pana mchanga mpana, na mwamba wa mbali hulivunja wimbi. Ila katika umati wa Idi mtoto hupotea mara moja. Nyali huwafaa zaidi watakao stara, hasa asubuhi.

Lakini kabla ya ufuo, tuulize maji. Mtoto wa nyika hajui bamvua: huyafuata maji yakipwa, nayo yakarejea nyuma yake. Tusiwaache peke yao. Mgeni ni amana.