Kabla ya Vikao Kulikuwa na Misako

Nilipokuwa msichana mtaani Manyatta, tiba ya ulevi iliyojulikana Kisumu ilikuwa msako. Sheria ya mwaka 1980 ilikuwa imepiga marufuku chang'aa kabisa. Askari waliingia Obunga na Nyalenda alfajiri, wakamwaga mitungi mitaroni, wakawapakia wapikaji na wanywaji kwenye lori. Waliofungwa walirudi baada ya muda wakiwa wamekonda, na jioni ya kuachiliwa tuliwaona wameketi palepale walipokamatiwa. Pombe ilimwagwa miaka nenda miaka rudi. Kuhusu yule aliyeinywa, hakuna aliyeuliza anaumwa nini.

Nyumbani nako tulikuwa na tiba zetu. Kaka yangu mkubwa aliombewa katika makanisa kadhaa, akapelekwa kwa mjomba Seme akalime mbali na mji, akaapishwa mbele ya wazee. Alikuwa mvuvi wa omena, na asiyeijua kazi hiyo hawezi kuelewa jinsi pombe inavyoizunguka. Omena huvuliwa usiku wa giza, samaki wakivutwa na taa zinazoelea majini. Zama zile zilikuwa karabai. Siku hizi ni taa za betri na sola. Mbaamwezi ikichomoza, boti hukaa ufukweni siku kadhaa na wanaume hawana la kufanya. Ziwa likiruhusu, mvuvi hurejea kumepambazuka, amelowa na mwili unamtetemeka kwa baridi, analipwa pesa taslimu mkononi, na hatua chache kutoka hapo kuna banda la chang'aa ambalo mwenyewe anamjua kwa jina. Glasi ya kwanza ni ya baridi, ya pili ya usingizi. Miaka inapita hivyo, mpaka siku moja anainywa ili mikono iweze kushika wavu.

Wazee walimwamuru aache, naye akaacha. Alikata siku moja, ghafla. Kufikia jioni alikuwa anatetemeka na kutokwa na jasho. Siku iliyofuata aliona siafu ukutani ambao sisi hatukuwaona, akamwita baba yetu aliyekuwa marehemu, kisha akaanguka kwa degedege. Jirani mmoja alisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, mwingine akasema ni majini. Mama hakungoja wamalize kubishana. Tulimbeba hadi "Russia", hospitali kubwa ya mkoa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Humo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza mtu akizungumza juu ya ulevi wa kaka yangu kama ugonjwa.

Tabibu alitueleza taratibu. Ubongo uliozoea pombe kila siku kwa miaka hujipanga kuishi nayo. Ikikatwa ghafla, kutetemeka huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kunakoweza kuua hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Dawa ipo wala si ghali: diazepam inayopunguzwa kidogokidogo, pamoja na vitamini B1 na maji ya kutosha. Kwa hiyo amri ya wazee, iliyotolewa kwa mapenzi makubwa, nusura imuue.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mzima. Baada ya hapo njia iliisha. Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, iliogopwa. Familia zilisema anayeingia pale hatoki na jina lake. Asumbi, upande wa Homa Bay, kulikuwa na kituo cha kurekebisha waraibu, na wachache waliotoka huko tuliwaona wamebadilika kweli. Lakini mvuvi wa kulipwa kwa siku hawezi kukaa miezi ndani ya kituo huku watoto wake wakingoja unga. Kaka alirudi ziwani, na pombe ikarudi naye.

Mlango ulikuja kufunguliwa na ugonjwa mwingine. Kenya iligundua mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na mwezi wa Novemba 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Kufikia wakati huo sisi wa Nyanza tulikuwa tumezika mno. Dawa zilikuwa bado za wenye pesa. Zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Kabla ya dawa, watu walikuwa na wenzao tu. Wifi yangu aliingia katika kikundi kilichokutana chini ya mwarobaini nje ya kliniki. Waliulizana hali, wakachangiana nauli, na asiyefika alifuatwa nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna aliyejifanya mzima mbele ya mwenzake. Kaka naye alipopimwa akakutwa na virusi, wifi alimvuta huko.

Dawa zilipopatikana, kikundi kiliona jambo ambalo sisi wa nje hatukuliona. Waliokuwa wanaendelea kufa, wengi wao walikuwa wanywaji. Walisahau vidonge, wakakosa tarehe za kliniki, wakaona aibu kurudi. Mzee mmoja wa kikundi, fundi wa boti aliyekuwa ameacha chang'aa, akaanza kuwabakiza wanywaji baada ya kikao. Hakuwahubiria. Alieleza alivyokuwa akificha chupa chini ya mbao za boti na jinsi alivyomdanganya mkewe, kisha akanyamaza na kungoja. Kaka aliniambia baadaye, "Dada, alikuwa anasema maisha yangu, na hatukuwa tumewahi kuzungumza."

Miaka ileile, bila sisi kujua, watafiti kule Eldoret walikuwa wanapima jambo karibu sawa na hilo. Chini ya mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, watu wenye virusi waliokuwa wakinywa pombe waliwekwa katika vikundi vidogo na kukutana kila wiki kwa wiki sita, wakizungumza Kiswahili. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo ya jaribio la kwanza, lililokuwa na watu 75, yalitolewa mwaka 2011: waliohudhuria vikao walipunguza pombe kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Jaribio kubwa la watu 614, lililochapishwa miaka kumi baadaye, nalo likaonyesha kwamba vikao hivyo hupunguza unywaji. Niliposoma habari hizo nilifurahi mno, kwa kuwa nilikuwa nimeshuhudia jambo lenyewe chini ya mwarobaini.

Fundi wa boti alikuwa amepata mafunzo yake katika kikao cha AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilichokutana jioni katika chumba cha kanisa mjini. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1935 na walevi wawili waliokutana Akron, Marekani, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Hakitozi ada wala hakiulizi jina la ukoo. Tatizo lilikuwa saa. Jioni ndipo boti za omena zinapoondoka. Basi fundi na wenzake wakahamisha kikao kwenye banda la ufukweni, asubuhi, dakika ileile pesa zinapoingia mkononi. Hilo nalihesabu kuwa jambo la busara kuliko yote niliyoona katika habari hii. Mtu analipwa, anampa mkewe au mama yake fedha, anakunywa chai ya tangawizi na wenzake, anazungumza mpaka hamu ipite, ndipo anaenda kulala.

Kaka alianguka tena. Ilikuwa matangani, katika disko la usiku, mahali ambapo kukataa glasi huonekana kama kumkataa marehemu. Zamani angepotea mwezi mzima kwa aibu. Safari hii wawili wa banda walifika asubuhi, wakamwogesha, wakampeleka kliniki aangaliwe kwanza, kisha wakamketisha mahali pake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu hapo hajagusa pombe.

Mengi yamegeuka pembeni mwao. Sheria ya mwaka 2010, tuliyoizoea kama sheria ya Mututho, mbunge aliyeipendekeza, iliondoa marufuku ya chang'aa na kuweka masharti na saa za kuuza, ingawa mabanda ya uchochoroni hayakuzisoma saa hizo. Mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa upya kutengeneza keg ya mtama, na wakulima wa Siaya na Homa Bay wakapata soko. Siwaonei wivu wakulima. Lakini ushuru wa bia hiyo ungefaa urudi huku kama vitanda vya kutibu waraibu. Mwaka 2020 ikaja Korona na kafyu, na ziwa nalo likafurika kuliko tulivyowahi kuliona, likaingia hadi ndani ya banda. Wakakutana kwa simu, na wenye boti wakakaa mbalimbali ukingoni mwa maji.

Wanawake ndio walioachwa nyuma. Mpikaji wa chang'aa huonja anachopika, na akiwa mraibu hana pa kusemea, maana kikao kimejaa wateja wake. Vijana nao wana vidonge, na wengine sindano za heroini, jambo ambalo tulidhani ni la Pwani peke yake hadi watafiti walipowakuta hapahapa Kisumu. Hao wanahitaji vikao vyao, vinavyoongozwa na watu waliopitia njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ninaiomba serikali ya kaunti, hapa na katika kaunti zote za ziwa, iweke vitanda vichache vya kuwatoa watu kwenye pombe salama katika kila hospitali ya kaunti ndogo, na iwalipe posho wale waliopona wanaokwenda kuwatafuta wenzao. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi, usimfungie chumbani ili aache. Mpeleke kwanza kwa tabibu, kisha umtafutie kikundi anachoweza kukifikia kwa miguu. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haitozwi kitu.