Gari Lilipolala Kirongwe

Kusi ilikuwa imeshika gari langu lilipolala Kirongwe. Ni pikapu ya mtumba, Land Cruiser, nabebea nazi na abiria kutoka Bweni hadi Kilindoni, huku Mafia, na ndiyo inayosomesha wanangu. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likivuma tangu Kanga. Niliposimama, rimu haishikiki kwa moto.

Fundi akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Alipochomoa habu, grisi ilitoka nyeupe kama tui: maji ya bahari yameingia. Sisi tunaoshusha magari ufukweni kupakia samaki, maji hayo tunayajua. Vyuma vya beringi vilikuwa vimegeuka buluu kwa joto, na bakuli lake lilikuwa limezunguka ndani ya habu mpaka likaila. Humo humo niliona vidoto vya senta panchi. Aliyemiliki gari kabla yangu alishagongewa vidoto hivyo ili bakuli libane.

"Mwanangu," fundi akaniambia, "nikikugongea tena, utaondoka leo hii. Tairi likichomoka na watu wako nyuma, utawaeleza nini ndugu zao?"

Sikuwa na la kujibu. Watu wale nawajua kwa majina, na watoto wao pia.

Beringi zilipatikana Kilindoni, habu hapana. Ikaagizwa Dar es Salaam, ipakiwe basi la Nyamisati, kisha ivuke. Bahari ikichafuka, hapo huna la kufanya ila kusubiri. Gari likakaa juu ya mawe, na nyumbani tukaanza kuhesabu unga. Mke wangu akauza mikeka ya ukili aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, wala sikumwomba. Mzee mmoja wa Bweni akanilipa kabisa nauli ya nazi ambazo zilikuwa bado juu ya minazi. Mungu amlipe, maana mimi siwezi.

Habu ilipofika, fundi hakuharakishwa na mtu. Beringi zote mbili mpya, ya ndani na ya nje, na sili mpya. Aliweka grisi kiganjani, akaisukuma ndani ya kila beringi mpaka ikatokeza upande wa pili. Akakaza nati huku akilizungusha gurudumu, akailegeza kidogo, ndipo akaifunga. Ikibanwa mno inaungua, ikilegea inacheza. Siku ile nilishuka kila kituo kuigusa habu. Ilikuwa vuguvugu tu. Alhamdulillahi.

Madereva wenzangu wa Mafia, fungueni habu kabla kusi haijaanza, mkague sili na grisi. Mkiikuta nyeupe, osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, mkaushe, mkague beringi, ndipo mpake grisi mpya. Na mkiambiwa habu imeliwa, msikubali igongwe. Agizeni nyingine, hata kama gari litalala.