Mbegu Kavu: Zi Hai au Zimekufa?

Mtoto wa shule akiulizwa dalili za kitu chenye uhai huzitaja bila kusita: kula, kupumua, kukua, kuzaa, kujongea, kuhisi na kutoa taka. Mwalimu humpa alama zake, na jambo hudhaniwa limekwisha. Lakini jioni mtoto yule yule hutumwa darini kuteremsha mbegu za mahindi, kwa kuwa mvua ziko karibu, na katika kibuyu kile hamna hata punje moja inayoonyesha dalili mojawapo ya zile saba. Haili, haikui, haijongei. Je, i hai au imekufa?

Swali hili si la kuchezea akili tu. Mwenye shamba akifukia punje zilizokufa hatajua mpaka siku kumi zipite, hali mvua ya kwanza imekwisha kunyesha na mahindi ya jirani yamechomoza. Mwaka ule watoto wake watakula unga wa kununua.

Hata pasipo mbegu, dalili zile saba zina kasoro. Moto hula kuni, huvuta hewa, hukua, na huzaa moto mwingine penye nyasi kavu, wala hakuna asemaye kwamba moto ni kiumbe hai. Nyumbu, mtoto wa punda na farasi, ni tasa, lakini mtu aliyesimama nyuma yake hatatilia shaka uhai wake.

Kiswahili chenyewe kina shauri lake. Husemwa kifaru amelala, kipepeo ameruka, ingawa majina hayo huanza kama kiti na kisu. Uhai umewatoa katika safu ya vitu. Lakini husemwa mti umeota, mhogo umekua. Wahenga hawakuupa mti heshima ile, ijapokuwa walijua vema kwamba nao hufa. Tena kipepeo aliyekauka dirishani bado husemwa amekufa, wala si kimekufa. Basi sarufi humtambua ajongeaye. Kwa punje ya mahindi haina msaada.

Yuko mdudu mmoja wa Afrika aliyewafumbua macho wataalamu. Kaskazini ya Nigeria, juu ya majabali, kuna vidimbwi ambavyo hujaa mvua inyeshapo na kukauka kabisa jua likizidi. Ndani yake huishi kiluwiluwi wa mdudu mfano wa mbu asiyeuma, aitwaye Polypedilum vanderplanki. Maji ya kidimbwi yakiisha, naye hukauka, hata maji yaliyobaki mwilini mwake huwa kama sehemu 3 tu katika 100. Ukimshika ni kama takataka. Mwaka 1960 mtaalamu wa Uingereza, Howard Hinton, alieleza jinsi viluwiluwi wakavu walivyotiwa katika joto la digrii 102 za sentigredi kwa dakika moja, na wengine katika baridi ya digrii 270 chini ya sifuri; walipotiwa majini waliamka. Wengine waliamka baada ya kukaa wakavu miaka 17.

Siri yake ni sukari. Anapokauka polepole, mwili wake hutengeneza sukari iitwayo trehalosi, nayo hushika mahali pa maji na kugandisha kila kiungo pale pale kilipokuwa, mfano wa kioo. Hakuna kazi inayofanyika ndani, lakini hakuna kilichovunjika pia. Mtaalamu David Keilin aliiita hali hiyo, mwaka 1959, uhai uliofichika. Kwa hiyo haitoshi kutazama kitu kinafanya nini sasa; yafaa kuuliza kitafanya nini kikipata maji.

Umri nao si kipimo. Kokwa ya mtende iliyochimbuliwa Masada, katika nchi ya Israeli, ilipandwa mwaka 2005 ikaota, nayo ilikuwa na umri wa miaka karibu 2000. Mti ule ukaitwa Methusela. Lakini mahindi yaliyowekwa mahali penye joto na unyevu yaweza kufa kabla ya msimu mmoja kwisha.

Wengine huzitia mbegu majini na kutupa zinazoelea. Njia hiyo huondoa zilizo tupu ndani, basi. Punje iliyochemshwa huzama sawasawa na punje nzima. Wengine hutazama fukusi, na hao wana haki zaidi, kwani fukusi akila kiini, punje imekufa hata kama unga wake wote umebaki. Katika maabara za mbegu punje huloweshwa, hupasuliwa na kutiwa dawa iitwayo tetrazolio, na kiini kilicho hai hugeuka chekundu kwa sababu kinapumua. Kumbe dalili moja ya mwalimu ilikuwamo!

Asiye na maabara huhesabu punje 100 pasipo kuchagua zilizo nzuri, huzifunga katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku 7 huhesabu zilizoota. Zikiwa 90, hana haja ya hofu. Zikiwa 50, atatia punje nyingi zaidi katika kila shimo, au atafute mbegu nyingine kungali mapema. Habari za zile zilizosalia kibuyuni, moja moja, bado hazijui. Zilizoota hawezi kuzirudisha darini, basi huzipanda siku ile ile kando ya nyumba, na zisizoota huwatupia kuku.